Kwa Nini Mpika Chai Hutema Funda la Kwanza

Si nilijua tu. Mgeni hajakaa vizuri kwenye kigoda, keshakunja pua kwa sababu ameniona nikivuta funda la chai kwenye kikombe na kulitema nje ya mlango kabla sijampa yeye. Na nyinyi wajukuu zangu, badala ya kumweleza, mnachekacheka na kunisukumia mimi. Bibi, msimulie. Kila mwaka ni Bibi msimulie. Midomo yenu ni ya kulia mahindi tu? Maharage yangu hayajachambuliwa, magoti yananiuma, na hadithi hii mnaijua kunishinda. Haya. Nitasema mara moja. Atakayenikatiza atachambua maharage yote peke yake, na mgeni asidhani kuwa yeye amesamehewa.

Kuna wakati watu wa vilima hivi walikunywa kila mtu na chake. Chai yenyewe haikuitwa chai. Iliitwa majani, kwa kuwa ilikuwa majani, machungu, ya kichaka kilichoota chini ya miamba ya mlima Vuria, yakichumwa asubuhi ukungu ukiwa bado umeyalalia. Yalichemshwa kwenye chungu mpaka maji yakawa mekundu, kisha kila mtu akatiliwa kwenye kibuyu chake kidogo na kunyonya kwa mrija wake wa tete. Baridi ya huku si ya kusimuliwa. Bila majani hakuna aliyeshika jembe. Lakini kugusa mrija wa mwenzako ilikuwa aibu kama kuvaa nguo yake ya ndani, na hata mume na mke hawakuchangia.

Aliyepika alikunywa mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu. Mwanamke akishawapa wote alirudi nyuma karibu na kuni, akajitilia masazo, na hakuna aliyegeuza shingo kutazama kama ameyanywa au ameyamwaga.

Tena kulikuwa na adabu ya mdomo. Mtu akikukanyaga, ulisema haina neno. Mbuzi wake akila mtama wako, haina neno. Akikusengenya ukasikia kwa masikio yako mwenyewe, naye akaja kukuomba radhi, haina neno, ndugu yangu. Vilima vyote vilikuwa haina neno, haina neno, ungedhani ni nchi ya malaika. Walikuwa watu kama nyinyi.

Sasa palikuwa na mwanamke jina lake Mkawasi, mke wa Mwakisha. Aliishi katika boma la mumewe pamoja na mama mkwe wake, Bibi Wakio, na wifi yake Shighi, dada wa Mwakisha, ambaye alifiwa na mume akarudi kwao bila mtoto. Mkawasi alisifika kwa kupika majani. Hakuyaunguza, hakuyachujua. Alisifika pia kwa upole, na hilo la pili ndilo lililoleta balaa.

Alipoolewa alikuja na kibuyu cha marehemu mama yake. Hakikuwa na uzuri wowote. Kilikuwa na shingo iliyopinda, na mshono wa uzi wa mkonge mahali kilipowahi kupasuka, ambapo mama yake alikishona kwa mkono wake. Siku moja ya palizi Shighi alikichukua bila kuomba, akaenda nacho mtoni kuchota maji, akateleza. Akarudi na vipande viwili ndani ya upindo wa nguo yake.

"Wifi, kimenivunjikia," akasema. "Lakini hata hivyo kilikuwa kimezeeka."

Mkawasi alivitazama vile vipande. Aliuona ule mshono, uzi bado umeshikilia upande mmoja. Akatabasamu.

"Haina neno, wifi."

Akavichukua akavitupa jalalani, Shighi akiona, ili aonyeshe kwamba kweli haina neno. Basi. Hakulisema tena jambo hilo, si kwa mumewe, si kwa mtu yeyote. Ila tangu hapo, kila asubuhi, kibuyu cha Shighi kilijazwa mwisho, majani yakiwa yamepoa na vumbi lake limetuama. Mkawasi mwenyewe angekuapia kwamba ilitokea tu hivyo. Misimu miwili ya mvua ikapita.

Katika msimu wa pili akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Mwanjala kwa sababu mwaka ule ulikuwa wa njaa. Wawili waliomtangulia walikuwa wamezikwa nyuma ya zizi. Huyu alikuwa mnene, mwenye kelele, mwenye kuvuta nywele za watu, na Mkawasi alikuwa ameanza kuamini kwamba huyu atakaa.

Alipotimiza miezi minane, mtoto akafunga mdomo. Hakulia, hakutapika, hakuharisha. Alifunga mdomo tu. Ziwa akiwekewa anageuza uso. Maziwa ya mbuzi yakidondoshewa kwenye midomo yanatiririka shingoni. Siku ya kwanza walisema ni meno. Siku ya pili utosi ulianza kubonyea. Asubuhi ya siku ya tatu Mwakisha alikwenda kumwita mzee Mcharo, aliyejua kusoma matumbo ya mbuzi, naye akaja na kisu chake na kikohozi chake, mbuzi akachinjwa, mzee akainama juu ya utumbo akaugeuzageuza kwa kijiti muda mrefu kuliko kawaida.

"Huyu mtoto si mgonjwa," akasema mwishowe. "Humu ndani mna mtu aliyemeza neno, nalo halijamshuka. Limekwenda kukaa kooni mwa mtoto. Mwenye nalo asipolitoa kabla jua halijaingia nyuma ya Vuria leo, chimbeni shimo."

"Ni nani?" Mwakisha akauliza.

"Mbuzi haandiki majina. Mimi nimeona koo tu. Mwenye neno kooni, mbele ya watu, kinywaji hakimpiti. Hicho ndicho ninachokijua."

Mkawasi alikuwa ameketi na mtoto mapajani. Hakuwa na haja ya kufikiri. Alimtazama Shighi. Nani mwingine? Mwanamke hana mtoto, na kila siku alikuwa akimnyang'anya Mwanjala mikononi na kumnusa kichwani. Mwanamke aliyepewa majani ya baridi misimu miwili na zaidi na hakulalamika hata mara moja. Mtu asiyelalamika ana lake jambo, ndivyo alivyojiambia Mkawasi, na masikio yake hayakusikia alichokisema.

"Nitapika," akasema. "Chungu kimoja. Na nitatia kwenye kibuyu kimoja, na mrija mmoja. Kila mtu na chake hatutajua nani amekunywa na nani amejifanya. Kikizunguka kimoja, tutaona wote."

Bibi Wakio akatoa macho. "Ninyonye mrija wa watu? Mimi, na umri huu?"

"Mama, ni mjukuu wako."

"Namjua ni mjukuu wangu, usinifundishe. Pika haraka."

Akampa Shighi mtoto ashike kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na hata hilo lilimchoma. Akawasha moto. Majani yakachelewa kuchemka kama yanayofanya makusudi. Jua lilikuwa limepanda juu kabisa, ukungu umekatika, kila jiwe la Vuria linaonekana. Kila mara alipogeuka, mtoto alikuwa vilevile, midomo imebanwa kama mtu aliyekasirika, kifua kikipanda na kushuka upesi upesi. Alipoipua chungu alijimwagia mkononi na hakuhisi.

Kibuyu kikaanza kwa mzee Mcharo. Akavuta, akameza, koo lake la ngozi tupu likapanda na kushuka, wote wakaona. Kikaenda kwa Mwakisha. Akanywa, akanywa tena, akafungua mdomo mtupu waone. Kikaenda kwa Bibi Wakio. Bibi Wakio alikuwa mla ugoro. Ugoro ulikuwa kwenye fizi, kwenye ufa wa midomo, kwenye kidevu. Akanyonya mpaka mrija ukalia, akameza, akasema yamekolea.

Kikaenda kwa Shighi. Shighi akamrudisha mtoto kwa mama yake, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akautazama mrija. Akashika ncha ya nguo yake, akaufuta mrija, ndipo akaweka mdomoni na kunywa.

"Mmeona!" Mkawasi akapiga ukelele. "Mmemwona? Ameufuta!"

"Nimefuta ugoro wa mama, jamani," Shighi akasema. "Mate yamejaa ugoro. Nimekunywa, yameshuka, mbona hamlisemi hilo?"

"Anayetupenda hafuti mate yetu! Anatuona uchafu! Miezi minane anamtamani mwanangu, sasa anamfunga mdomo asinyonye, ili tulie wote kama yeye!"

Neno likishatoka hivyo, watu hulifuata kama ng'ombe. Mwakisha hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amezika wawili. Alisimama. Hakumgusa dada yake. Alinyoosha kidole kwenye njia ya kuteremkia bondeni.

"Kaka," Shighi akasema.

"Nenda. Nenda nalo neno lako, umwache mtoto."

Shighi alimtazama mama yake, na Bibi Wakio akatazama chini, akiokotaokota ugoro kwenye kidevu. Basi Shighi akajifunga nguo yake kiunoni.

"Kama nikienda atanyonya, naenda," akasema. "Ila kama hatanyonya, Mkawasi, ujue utakuwa umebaki wewe tu wa kufukuzwa."

Akateremka. Hakukimbia wala hakugeuka. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, na mawe yalibingirika mbele yake mpaka wakaacha kuyasikia.

Mkawasi akakaa haraka akamwekea mtoto ziwa. Sasa atanyonya. Sasa. Akakamua matone kwenye midomo ile. Yakatiririka shingoni. Akangoja Shighi afike mtoni, labda ni mpaka avuke maji. Akamwekea tena. Mtoto hakugeuza hata uso. Nguvu ya kugeuza ilikuwa imekwisha, macho yamebaki nusu, na kifua kilichokuwa kikienda upesi kikaanza kuchelewa. Kinapanda, kinangoja. Wote pale uani walijikuta wanangoja nacho.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa viganja viwili kufika kwenye mwamba.

"Amekwenda na hakuna kitu," Mwakisha akasema. "Mzee, amekwenda na hakuna kitu."

Aliyejibu alikuwa Bibi Wakio, ambaye sasa alikuwa akihesabu kwa vidole kama mtu anayehesabu kuku jioni.

"Mcharo alikunywa, yakashuka. Mwanangu alikunywa, yakashuka. Mimi nilikunywa. Shighi alifuta, ndiyo, ana kiburi, lakini alikunywa na yakashuka, nilimtazama koo." Akasimamisha kidole kimoja kilichobaki. "Mkawasi, wewe umekunywa saa ngapi?"

"Mimi ndiye niliyepika, mama."

"Sikukuuliza nani amepika."

"Mpishi hunywa mwisho."

"Basi mwisho ndio huu," Bibi Wakio akasema, akamsukumia kibuyu.

Mkawasi akakishika. Hakuwa na wasiwasi, nawaambieni, hiyo ndiyo ajabu yake. Alikuwa na haraka tu, anywe, wamalize, waendelee kumtafuta mwenye kosa. Mrija ulikuwa na mate ya watu wanne. Akauweka mdomoni, akavuta funda kubwa ili lisibaki la kusema.

Funda halikwenda.

Akainua kidevu, akameza. Halikwenda. Koo lilikuwa limefungwa kama mlango uliotiwa gogo kwa ndani. Akasukuma kwa ulimi, majani yakampanda puani, machozi yakamtoka, na kila alipojaribu alikiona kile kibuyu chenye shingo iliyopinda, uzi wa mkonge umeshikilia upande mmoja, na wifi yake akisema hata hivyo kilikuwa kimezeeka. Akatazama huku na huku na mashavu yamejaa. Wote walikuwa wanamtazama. Mumewe alikuwa anamtazama. Jua lilikuwa limegusa mwamba.

Angeweza kugeuka na kutema kando kimyakimya kwenye majivu, kama wapishi wote walivyokuwa wakifanya. Alifikiria hilo. Nawaambieni alifikiria, mtoto akiwa mapajani mwake vile.

Kisha akalitema. Akalipuliza lote chini mbele yake, vumbi likaruka, na neno likaja nyuma yake bila kuitwa.

"Kilikuwa cha mama yangu! Alikishona kwa mkono wake, Shighi, na wewe hukuniomba! Ukakivunja ukaniambia kimezeeka! Mama yangu ndiye aliyezeeka? Sina kitu kingine cha mama yangu! Nimekuchukia! Nimekuchukia kila asubuhi nikikujazia kibuyu, nikasema haina neno, na lilikuwapo, lilikuwapo, lilikuwapo!"

Hakuna aliyemgusa. Alisema mpaka sauti ikakauka, akabaki anahema tu. Na katika ule mhemo wake ikasikika sauti nyingine ndogo, ya kukwaruza, kama ya paka aliyefungiwa ghalani. Mwanjala alikuwa amefungua mdomo. Alikuwa analia, tena kwa hasira, na alipowekewa ziwa aliling'ang'ania kwa fizi zake mpaka mama yake akapiga kelele. Nyuma ya Vuria jua likaingia.

Msiniangalie hivyo, kana kwamba mnataka nilie. Alinyonya, akapona, akawa mzee mwenye kelele vilevile.

Na tangu siku hiyo watu wa vilima hivi wakaacha kunywa kila mtu na chake. Chungu kimoja, kibuyu kimoja, mrija mmoja, na aufutaye mrija ataje kwanza anachokifuta. Aliyepika hunywa wa kwanza, mbele ya macho ya wote, wala si nyuma karibu na kuni. Funda lake la kwanza halimezi. Analipuliza chini na kusema linalomkaa kooni, hata kama ni dogo, hata kama ni kuhusu mama mkwe aliyeketi hapo hapo. Ndiko huko tunakokuita kutasa. Vibuyu vimekwisha, siku hizi ni vikombe vya bati na sukari nyingi inayowaoza meno, lakini funda la kwanza bado ni la mlangoni. Mgeni akiona limetemwa, ajue kilichobaki kikombeni ni chai tupu. Na mtu akiwaambia haina neno upesi mno, msimpe awapikie.

Ndiyo, najua. Mnataka kujua Mkawasi alilipa nini. Mnapenda sana kusikia mtu akilipa.

Bibi Wakio alitaka atozwe kondoo. Mcharo akasema kondoo halipi aibu, aulizwe aliyetiwa aibu. Kulipopambazuka wakamkuta Shighi amekaa kwenye jiwe upande wa pili wa mto, miguu ameikunja, amelowa umande. Mkawasi alivuka maji akapiga magoti kwenye matope, akasema yote aliyokuwa ameyasema jana, safari hii machoni mwa mwenyewe. Shighi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Kibuyu nilikivunja, na nilikosa kusema kimezeeka. Hilo ni langu. Lakini nilifukuzwa kwa miguu yangu mwenyewe, mchana, watu wakiona. Sirudi kwa miguu yangu."

Basi Mkawasi akageuka, akainama, akambeba mgongoni. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Kutoka mtoni mpaka lile boma ni mwinuko unaowatoa jasho mbuzi, na ilikuwa saa ya watu kwenda shambani, njia nzima imejaa majembe na macho. Shighi, nimeshasema, alikuwa na mwili. Mkawasi alipumzika mara ya kwanza kwenye mgomba, mara ya pili kwenye jiwe la kunolea. Katikati ya kipande cha tatu akateleza nusu hatua, na Shighi akainama sikioni mwake.

"Nakulemea, wifi?"

Mdomo wa Mkawasi ulifunguka kusema lile ulilolizoea. Akaufunga. Akavuta pumzi.

"Unanilemea," akasema. "Unanilemea kama gogo la mvua. Unanivunja mgongo."

"Vizuri," Shighi akasema. "Twende."

Wala hakushuka.